Maswali ya wasomaji: je, spinachi inaweza kumdhuru mtoto?

Katika toleo lililopita nilimjibu msomaji mmoja kwa sentensi mbili tu kwamba mboga ya majani iliyopondwa kwa ajili ya mtoto mchanga isiachwe nje ya jokofu, kwa sababu nitrati iliyomo inaweza kugeuka kuwa nitriti. Jibu lile lilikuwa fupi mno. Barua zilizofuata zinaonyesha kwamba baadhi ya wasomaji wameacha kabisa kuwapa watoto mboga, jambo ambalo sikulikusudia hata kidogo. Nimechagua barua tano, na safari hii nitajibu kwa kirefu palipo na haja.

Mwanangu ana miezi saba. Jumapili iliyopita nilichemsha spinachi asubuhi, nikaiponda pamoja na kiazi, naye akala nusu bakuli saa sita mchana. Nusu iliyobaki niliifunika kwa sahani nikaiacha juu ya meza. Saa moja jioni mama mkwe wangu aliipasha moto ili amlishe, nami nikamzuia, kwa kuwa nilikuwa nimesoma mahali kwamba spinachi ni sumu kwa watoto. Akaniambia kwamba amelea watoto sita kwa mboga za majani na hakuna aliyedhurika. Nani kati yetu ana haki? – Mama wa mtoto mmoja

Mama mpendwa, kila mmoja wenu ameshika kipande cha ukweli. Mama mkwe wako ana haki kusema kwamba spinachi si sumu, na wewe una haki kwamba lile bakuli la jioni halikufaa tena kupewa mtoto. Aliyekosea ni huyo uliyemsoma, aliyeichukua hatari ya bakuli lililokaa mezani kwa muda wa saa saba akaitwika mboga yenyewe.

Nitrati ni chumvi ya kawaida ambayo kila mmea huifyonza kutoka ardhini ili upate naitrojeni ya kujengea protini. Mmea unapopata mwanga wa kutosha, huibadilisha nitrati hiyo haraka. Usipopata, huiweka akiba, hasa katika vikonyo na mishipa ya majani. Ndiyo maana mboga hazilingani. Spinachi, saladi, bitiruti, figili na seleri huwa na nitrati nyingi, ilhali nyanya, njegere, vitunguu na matunda mengi huwa na kidogo sana, na viazi na karoti kwa kawaida hukaa katikati au chini. Nitrati yenyewe haina madhara makubwa mwilini, na sehemu kubwa yake hutoka kwa njia ya mkojo.

Mambo hubadilika bakteria wanapoingia. Bakteria wengi wanao uwezo wa kuigeuza nitrati kuwa nitriti, na nitriti ndiyo inayoweza kuingia katika damu na kuiharibu himoglobini, yaani kile kitu chekundu kinachobeba oksijeni. Himoglobini ikishaguswa na nitriti, chuma kilichomo hubadilika, na haiwezi tena kubeba oksijeni. Mtu mzima ana kimeng'enya cha kuirekebisha himoglobini hiyo mara moja, bila yeye kujua kama kuna kilichotokea. Mtoto wa miezi michache ya kwanza anacho kimeng'enya hicho kwa takriban nusu ya kiasi cha mtu mzima, himoglobini aliyozaliwa nayo huharibika kwa urahisi zaidi, na asidi ya tumbo lake bado ni hafifu kiasi kwamba bakteria wanaweza kustawi humo. Udhaifu huo ni mkubwa zaidi kabla ya kutimiza miezi mitatu, kisha hupungua kadiri anavyokua.

Sasa rudi kwenye bakuli lako. Spinachi ilipotoka jikoni ikiwa ya moto, bakteria walikuwa wachache na nitriti karibu haikuwepo. Ulipoiponda, ulizivunja seli za jani na kuuachia utomvu wote uliomo, na kijiko kilichoingia kinywani mwa mtoto kikarudi bakulini kikaongeza bakteria wa mate. Kisha rojo hilo lenye uvuguvugu, ambalo ni malisho mazuri mno kwao, likakaa mezani mchana kutwa. Kulipasha moto jioni kungewaua bakteria, lakini nitriti waliyokwisha kuitengeneza isingeondoka, kwa maana moto wa jikoni hauiharibu. Hapo ndipo wengi tunapokosea: tumezoea kuamini kwamba chakula kikichemka tena kimesafika.

Jambo hili si la kubuni. Huko Ujerumani, katika miaka ya 1960, madaktari walieleza visa vya watoto wachanga waliobadilika rangi kuwa buluu, kwa damu yao kushindwa kubeba oksijeni, baada ya kulishwa spinachi, na mwaka 2001 madaktari wa Hispania waliandika kuhusu watoto kadhaa waliopatwa na hali hiyohiyo baada ya kula mboga za majani zilizosagwa nyumbani, zikatayarishwa mapema na kuhifadhiwa kabla ya kuliwa. Visa hivyo ni vichache mno ukivilinganisha na mamilioni ya watoto wanaokula mboga kila siku, na karibu vyote vinafanana: mtoto mdogo, mboga yenye nitrati nyingi, na muda mrefu kati ya sufuria na kijiko.

Najua utauliza kiasi. Kamati ya pamoja ya wataalamu wa Shirika la Chakula na Kilimo na Shirika la Afya Duniani imeweka miligramu 3.7 za nitrati kwa kila kilo ya uzito wa mwili kuwa kiwango ambacho mtu anaweza kukila kila siku maishani mwake bila wasiwasi. Kwa mtoto wa kilo 8 hiyo ni karibu miligramu 30. Spinachi mbichi mara nyingi huwa na miligramu 1,000 hivi kwa kilo, kwa hiyo gramu 50 tu zinaweza kubeba miligramu 50, na hapo ndipo mzazi anayepiga hesabu hushtuka. Asishtuke. Kiwango hicho kimewekwa kwa kufikiria kula kila siku kwa miaka mingi, na kukipita siku moja moja si kula sumu. Tena sehemu nzuri ya nitrati huyeyuka katika maji ya kuchemshia, nayo huondoka maji hayo yakimwagwa. Mwaka 2010 Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ililichunguza suala hili na kuona kwamba wasiwasi unabaki kwa mtoto mchanga anayekula zaidi ya mlo mmoja wa spinachi kwa siku, ikashauri pia kwamba mtoto mwenye maambukizi ya bakteria tumboni asipewe spinachi mpaka apone.

Kwa hiyo endelea kumpa, dada yangu, maana amekwisha fika umri wa miezi sita ambao Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtoto aanze chakula cha kulikiza. Ondoa vikonyo vinene, chemsha katika maji mengi, umwage maji hayo badala ya kupondea, changanya na viazi au karoti ili spinachi isiwe ndiyo bakuli zima, na umpe mara moja kwa siku, si kila siku. Ukipika nyingi, toa sehemu ya baadaye kabla kijiko cha mtoto hakijagusa chochote, ipoze upesi uiweke kwenye jokofu na uitumie kesho yake, au uigandishe mara moja katika vipande vidogo. Kilichobaki katika bakuli alilolia mtoto kiliwe na wakubwa. Mama mkwe wako akitaka kukila, hakitamdhuru kwa habari ya nitriti.

Mtoto wetu ana wiki tano. Mama yake aliugua akashindwa kunyonyesha, hivyo tunampa maziwa ya kopo. Maji tunayachota kisimani, hatua chache kutoka banda la ng'ombe, na mimi huyachemsha dakika ishirini nzima ili niwe na uhakika. Je, nitrati inakufa kwa kuchemshwa? – Baba mwangalifu

Baba mwangalifu, jibu lako nalitanguliza mbele ya maelezo: haifi, na tafadhali tafuta maji mengine ya kukorogea maziwa leo hii, kabla hujasoma zaidi.

Uangalifu wako ni mzuri, ila umeelekezwa kwa adui mwingine. Kuchemsha huua vijidudu, na kwa hilo ni lazima. Nitrati lakini si kiumbe. Ni chumvi, na maji yanapopanda kama mvuke chumvi hubaki sufuriani. Tazama sufuria yako baada ya dakika ishirini: kama maji yamepungua mpaka nusu, nitrati iliyokuwa miligramu 40 kwa lita sasa ni miligramu 80. Shirika la Afya Duniani limeweka miligramu 50 kwa lita kuwa ukomo wa nitrati katika maji ya kunywa, na ukomo huo uliwekwa mahususi kwa kumfikiria mtoto kama wako, anayenyweshwa kwa chupa. Yakishatokota sawasawa, yaepue. Kichujio cha kawaida cha mkaa nacho hakiondoi nitrati.

Kisima kilicho karibu na banda, choo au shamba lenye mbolea nyingi ndicho kinachotiliwa shaka kwanza, hasa kikiwa kifupi. Ilikuwa mwaka 1945 ambapo daktari wa Marekani, Hunter Comly, alieleza jinsi watoto wachanga wa mashambani huko Iowa walivyogeuka rangi ya buluu kwa sababu ya maji ya visima yaliyotumiwa kuwatengenezea maziwa. Wakubwa wa nyumba hizo waliyanywa maji hayohayo na hawakuona lolote, na ndiyo sababu usitumie afya yako mwenyewe kama kipimo. Wala usitegemee macho na ulimi, kwa kuwa nitrati haina rangi, harufu wala ladha. Peleka sampuli kwenye maabara ya maji, na hadi majibu yatakapotoka tumia maji ya bomba la umma yanayopimwa, au ya chupa ambayo maandishi yake yanaonyesha nitrati kidogo.

Dalili nazo uzijue. Midomo, kucha na ngozi huwa na rangi ya kijivu au buluu, mtoto hulegea, hupumua haraka, na rangi hiyo haibadiliki vizuri hata akipewa oksijeni. Damu inayotolewa huonekana ya kahawia kama chokoleti. Hilo ni jambo la hospitali papo hapo, si la kungoja asubuhi, na ukifika useme wazi kwamba mtoto ananyweshwa maji ya kisima, kwa sababu dawa ipo, inayoitwa methilini buluu, lakini daktari hufika kwake haraka zaidi akijua pa kutazama. Mtoto mwenye kuharisha yuko katika hatari kubwa zaidi, kwani tumbo lililowaka huweza kutengeneza nitriti lenyewe.

Mkeo akipata nafuu na maziwa yakarudi, amnyonyeshe bila hofu. Nitrati inayoliwa au kunywewa na mama haipiti kwa wingi kwenye maziwa yake.

Mimi nalima spinachi na saladi ndani ya banda lenye kivuli. Mnunuzi mmoja amerudisha mzigo wangu akisema nitrati imezidi, wakati mimi situmii mbolea ya dukani, natumia samadi tupu. Inawezekanaje? – Mkulima wa banda

Inawezekana sana, ndugu mkulima, na huenda kivuli chako ndicho mkosaji wa kwanza. Kimeng'enya kinachoigeuza nitrati ndani ya jani kinautegemea mwanga. Jani la kivulini huendelea kufyonza nitrati kutoka ardhini huku likishindwa kuitumia, nalo hulundika. Sheria za Umoja wa Ulaya zenyewe zinalikubali jambo hili: saladi iliyovunwa majira ya baridi, ambapo jua ni hafifu, au iliyolimwa bandani, huruhusiwa nitrati nyingi kuliko ya kiangazi iliyolimwa nje. Spinachi mbichi ukomo wake huko ni miligramu 3,500 kwa kilo.

Kuhusu samadi, mmea hautambui ilikotoka naitrojeni. Samadi nyingi iliyooza vizuri hutoa nitrati ileile, tena huendelea kuitoa taratibu hata katika wiki ile ya mavuno ambayo ungependa udongo uwe na kidogo. Punguza kipimo, usiongeze karibu na kuvuna, fungua paa pale inapowezekana, na uvune alasiri badala ya alfajiri, kwa kuwa kufikia saa hizo majani yamekwisha kufanyiwa kazi na jua la kutwa. Najua wanunuzi hupenda mboga ya alfajiri kwa kuwa haijanyauka. Itakubidi uchague, au uvune jioni na kuipoza usiku.

Nina miaka sitini na tisa na nina shinikizo la damu. Kijana mmoja alinishauri kunywa juisi ya bitiruti kila siku, nami nikaona nafuu. Sasa mjukuu wangu anasema nitrati huleta saratani. Niache? – Babu wa wajukuu wanane

Shikamoo Mzee. Kijana yule na mjukuu wako wanazungumzia kitu kimoja kinachopita njia mbili.

Nitrati ya bitiruti ikishaingia mwilini, karibu robo yake hurudishwa kinywani kupitia mate, na huko bakteria wa ulimi huigeuza sehemu yake kuwa nitriti. Nitriti hiyo ikimezwa hutoa oksidi ya naitriki, gesi inayolegeza mishipa ya damu. Wanasayansi watatu wa Marekani, Robert Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad, walipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 1998 kwa kugundua kazi ya gesi hiyo mwilini. Majaribio kadhaa yamekwisha kuonyesha kwamba juisi ya bitiruti hushusha shinikizo la damu kwa kiasi fulani, na pia kwamba mtu akisukutua kwa dawa kali ya kuua bakteria wa kinywa, faida hiyo hupungua. Kwa hiyo nafuu uliyoiona si ya kujidanganya.

Njia ya pili ni hii: nitriti ikikutana tumboni na viini vitokanavyo na protini, hasa vya nyama, inaweza kuzaa nitrosamini, na baadhi yake husababisha saratani. Mwaka 2010 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilitangaza kwamba nitrati na nitriti zinazoliwa katika mazingira yanayoruhusu muungano huo yamkini husababisha saratani. Maneno yenye uzito hapo ni hayo ya mazingira. Mboga huja pamoja na vitamini C na viini vingine vinavyozuia muungano huo. Soseji na nyama nyingine zilizosindikwa kwa nitriti huja na nyama yenyewe, chumvi, na mara nyingi hukaangwa kwa moto mkali. Shirika hilohilo mwaka 2015 liliziweka nyama zilizosindikwa katika kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani. Mjukuu wako akitaka kukulinda, Mzee, aikague sahani ya asubuhi kabla ya bilauri ya juisi.

Mtu mzima wa kilo 60 kiwango chake cha siku ni miligramu 222, na wataalamu wa Ulaya walikadiria mwaka 2008 kwamba anayekula gramu 400 za mboga mchanganyiko hupata miligramu 157 hivi. Bilauri kubwa ya bitiruti peke yake inaweza kukipita kiwango hicho, nami binafsi ningekunywa ndogo na kula mboga nyingine. Lililo muhimu zaidi ni kwamba umwambie daktari wako, kwa sababu juisi na vidonge vikishusha shinikizo kwa pamoja unaweza kupata kizunguzungu ukiinuka. Na kama umewahi kuwa na mawe ya figo, bitiruti ina oksaleti nyingi, kitu kinachoweza kuchangia mawe hayo. Usisahau kwamba inaweza kuupaka mkojo rangi nyekundu. Usiogope ukiiona.

Chakula cha mtoto cha chupa za dukani hakiandikwi kiasi cha nitrati. Je, ni salama kuliko cha nyumbani? – Mama wa mapacha

Kwa habari ya nitrati peke yake, mara nyingi ndiyo. Katika nchi za Umoja wa Ulaya chakula cha watoto wachanga hakiruhusiwi kuzidi miligramu 200 kwa kilo, kwa hiyo chupa ya gramu 130, hata ikifika ukomoni kabisa, haizidi miligramu 26. Tena chupa iliyofungwa imepikwa kwa joto linaloua bakteria, na pasipo bakteria nitriti haizaliwi hata ikikaa kabatini miezi. Lakini ubora huo huisha kifuniko kinapofunguka. Nyumbani nawe unaweza kuufikia usalama huohuo kwa kuchagua mboga na kuilisha mara tu inapotoka jikoni, na mtoto akafaidi ladha nyingi zaidi.

Ila kwa kuwa wako ni wawili, nakuomba jambo moja. Usiwalishe kutoka ndani ya chupa. Kijiko kikitoka kinywa cha kwanza kikaingia chupani, nusu ya mwenzake imekwisha kutiwa mate, na ukiirudisha kwenye jokofu kwa ajili ya kesho utakuwa umeirudisha pamoja na bakteria. Mimina kila mmoja sehemu yake katika kibakuli chake, funga chupa, iweke penye baridi, na kilichosalia kitumike ndani ya muda ulioandikwa kwenye kifuniko.